Mkono Kwenye Swichi ya Waipa

Nilifika Mpanda kwa treni kutoka Tabora nikiwa na nia ya kukaa siku tatu. Nilitaka tu kuona reli inapoishia. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili nimekuwa na ugonjwa huo: nikisikia kuna mahali kitu kinaishia, au kuna namna kitu kinafanya kazi, situlii mpaka nikakione. Reli niliiona asubuhi moja, nikaridhika. Siku ya pili nikapita mtaa wa Shanwe, nikamkuta fundi umeme wa magari amelala chali chini ya dashibodi ya lori, anatukana waya kwa sauti ya upole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Nikachuchumaa kumtazama. Baada ya saa nzima akanyoosha mkono bila kugeuka, akasema, “Plaizi.” Nikampa. Niliendelea kumpa plaizi mpaka mvua za mwaka ule zikaisha. Yeye aliniita Mtalii, na wateja nao wakaniita hivyo hivyo.

Mzee wa pikapu alikuja wiki ya kwanza ya mvua. Pikapu yenyewe tulikuwa tunaijua: ya buluu iliyopauka, ya zamani kuliko mimi, ikitoka Katumba mara mbili kwa wiki na maharage na unga wa muhogo. Sikuzote alikuwa na mke wake. Siku ile alimwacha sokoni na magunia, akaja gereji peke yake, akatazama nyuma mara mbili kabla ya kushuka.

“Fundi,” alisema, “zile waipa za magari ya siku hizi. Zinafuta, zinapumzika. Zinafuta, zinapumzika. Unaweza kunifungia?”

“Zako zina nini?”

“Zangu zina kukimbia, na kukimbia sana. Basi.”

Aliyeendesha gari la zamani anajua shida hiyo. Mvua kubwa haina tatizo, unawasha waipa zinachapa. Shida ni manyunyu. Maji ni kidogo, ukiziacha ziende, kioo kinakauka na mpira unaanza kulia juu ya kioo kikavu, na vumbi lililobaki linachora mistari. Kwa hiyo unawasha, zinafuta mara moja, unazima. Unasubiri kioo kijae vitone, unawasha tena. Mkono wako unakuwa ndio mashine.

“Si unavuta swichi tu na kuirudisha, mzee?” nikauliza.

“Mimi sivuti. Anavuta mama.” Kisha akasema kile alichokuja kusema. “Na nataka mama asijue.”

Fundi aliweka chini tochi yake. “Mzee, wenzako wanaficha nyumba ndogo. Wewe unaficha waipa?”

Mzee alitabasamu, lakini hakucheka. Fundi akanitazama. “Mtalii, panda nao leo mpaka Katumba. Sema unasikiliza injini. Ukirudi utaniambia kuna nini.”

Nilikaa upande wa mlango, mama katikati, mzee kwenye usukani. Mama alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge mpaka kifuani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya swichi ya waipa katikati ya dashibodi tangu gari halijawaka. Swichi yenyewe ilikuwa kifundo cheusi cha kuvuta, kimelainika mpaka kinang'aa. Alinikaribisha kama mwanawe, akaniuliza kwetu wapi na kama mama yangu anajua niko huku. Nikamdanganya kuwa anajua. Akanimenyea ndizi. Alipoinyoosha kwangu ilipita pembeni ya mkono wangu, ikagusa mlango. Nikaifuata, nikaipokea, nikashukuru.

Manyunyu yalitukuta tulipotoka mjini. Mzee alikohoa. Mama akavuta, waipa zikapanda na kushuka, akarudisha. Tukaenda. Mzee akakohoa. Mama akavuta, akarudisha.

“Kifua cha mzee wako hicho,” mama aliniambia. “Mvua zikianza tu, na chenyewe kinaanza.”

“Ni baridi,” mzee alisema.

Nilikaa nikihesabu. Hakukohoa hata mara moja mama asivute, na mama hakuvuta hata mara moja mzee asikohoe. Kisha kwenye kona moja, mama alikuwa ananieleza namna ya kupika muhogo usiwe mchungu, na mzee alikuwa amekohoa polepole mno, sauti ikafunikwa na maneno. Kioo kilikuwa kimejaa vitone. Nje yake niliona kitu cheusi kikikua. Mzee akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mwanaume aliyekuwa anasukuma baiskeli ya mkaa alipita mbele ya boneti, karibu kiasi kwamba niliona kamba za magunia. Alitutazama tu, akaendelea.

“Shimo,” mzee alisema.

“Barabara hii imekuwa na mashimo mengi mwaka huu,” mama alisema, akapapasa swichi, akavuta.

Niliporudi nilimweleza fundi kila kitu: ukungu mweupe nilioona kwenye macho yote mawili ya mama, ndizi, kikohozi, baiskeli. Fundi alifikiri. Akasema, “Basi tunafunga.” Hakutaja siri, na mimi sikuuliza. Wote wawili tuliona tunafanya jambo jema.

Nyuma ya gereji kulikuwa na mabaki ya basi dogo lililopinduka zamani, limebaki la kuchomoa vipuri. Nikachomoa kiboksi chake cha waipa, cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Kilikuwa na muda mmoja tu wa kupumzika, nami nilitaka muda unaoweza kurefushwa na kufupishwa. Nikakifungua. Nilishawahi kukaa miezi kadhaa kwa fundi redio kule Tabora, kwa hiyo nilikitambua kile kijiti kidogo kinachoamua muda. Nikakitoa, mahali pake nikalehemu kifundo cha kuongezea sauti kutoka kwenye redio iliyokufa. Ukikizungusha huku waipa zinapumzika kidogo, ukikizungusha kule zinapumzika sana, ukikifikisha mwisho wa kule zinazima. Nilijisikia daktari.

Mzee alituachia gari siku nzima. Nikaanza kufunga, na hapo ndipo nilipokosea. Ndani ya mota ya waipa kuna kisahani cha shaba. Ukizima swichi wakati waipa ziko katikati ya kioo, kisahani kinaendelea kuzipa umeme mpaka zifike chini zilale, ndipo kinakata. Kina waya wake. Mimi sikujua. Niliona waya ambao swichi ikiwashwa haufanyi kazi yoyote, nikasema huu ni wa ziada, nikaukata. Nikajaribu. Waipa zilipanda, zikasimama katikati ya kioo.

“Zimekufa zimesimama wima,” fundi alisema.

Nikaharakisha kuunganisha tena kabla hajafika, nikauunganisha mahali pasipo pake. Gari lenye fyuzi nzuri lingekata umeme palepale. Lakini fyuzi ya pikapu ile ilikuwa imeungua miaka mingi nyuma, na mtu akapitisha uzi wa shaba mahali pake, kama ilivyo kwenye gari nyingi zilizopita mikononi mwetu. Uzi wa shaba haukatiki. Moshi ulitoka chini ya dashibodi, mweupe, wenye harufu ya plastiki. Fundi aling'oa waya wa betri kwa mkono mtupu.

Hakunigombeza. Alinipa kijiti, akaniambia nichore njia yote ya umeme chini kwenye udongo: unatoka wapi, unapita wapi, unarudi vipi. Nilichora, akafuta kwa kiatu. Nikachora tena, akafuta tena. “Hakuna umeme usiorudi kwao, Mtalii,” alisema. “Ni wewe tu.”

Mchoro wa tatu aliuacha. Mota ilikuwa salama, nyaya mbili tu zilikuwa zimeyeyuka ngozi. Tukabadilisha, tukaweka fyuzi ya kweli, nikaurudisha ule waya mahali pake, na sasa nikaelewa kwamba kiboksi hakina kazi kubwa. Kinaigusa mota mara moja tu, kama mtu anayemgusa bega aliyelala. Kisahani ndicho kinachomaliza safari. Nilimwaga maji kwenye kioo kwa kopo, waipa zikafuta, zikalala. Nikahesabu mpaka tano. Zikafuta, zikalala. Nilimwaga makopo mengi kuliko yaliyohitajika.

Kiboksi na kifundo cha redio nilivificha karibu na goti la mzee. Swichi ya mama niliiacha palepale ilipo, ikifanya kazi. Akivuta, zitafuta. Asipovuta, zitafuta zenyewe. Mzee alisema mota inanguruma sana, hatajua. Fundi alisema hatajua. Na mimi nilisema hatajua.

Nilipanda nao tena safari iliyofuata, ili nione. Manyunyu yalikuja mapema. Mzee alikizungusha kile kifundo cha redio pembeni ya goti, na waipa zikafuta.

Mkono wa mama ulikuwa juu ya swichi yake, haujavuta. Aliinua kidevu kidogo. Waipa zikalala, zikapumzika, zikafuta tena. Mara ya tatu akaondoa vidole kimoja kimoja, akasubiri. Zikafuta.

“Mwanangu,” aliniambia, kwa upole kabisa, “muulize mzee wako nani anafuta.”

Mzee alitazama mbele. “Mwambie mama yako, zimechanganyikiwa. Fundi ataziangalia.”

“Muulize na kifua kimepona leo? Hajakohoa tangu stendi.”

Mimi nilikuwa dirishani, natazama migomba inapita. Mama alichukua mkono wake kutoka kwenye swichi, akauweka kwenye mapaja pamoja na mwenzake, akaifunika yote miwili kwa ncha ya kitenge. Kioo kilikuwa safi njia nzima, safi kuliko nilivyowahi kukiona. Tulifika Katumba, akashuka, akashika ubavu wa pikapu akiufuata kwa kiganja mpaka mwisho, akaingia ndani.

Siku ya soko mzee alikuja peke yake. Ya pili yake pia. Pale pa mama palikuwa na gunia la maharage.

“Anasema amechoka,” alituambia. Alikaa kwenye tairi bovu tulilokuwa tunakalia, kofia mkononi. “Anasema gari limepata mtu wa kazi.”

Fundi alijifanya anatafuta bisibisi.

Mzee akasimulia, bila kuulizwa. Gari alilinunua kwa tumbaku ya mwaka mmoja mzuri, wakati watoto wote bado wako nyumbani. Alikuwa amejifunza kuendesha kwa wiki mbili tu, mvua ikamkuta njiani, na alikuwa anaogopa kuachia usukani hata kwa mkono mmoja. Akamwambia mke wake, vuta hicho. Akavuta. “Basi, tangu siku hiyo sijawahi kuigusa. Siku akienda kwao au akiumwa, mvua ikinyesha mimi naegesha pembeni nasubiri iishe. Watu wananicheka. Nawaambia injini imechemka.” Aligeuza kofia. “Mtalii, kitoe.”

“Kitu gani, mzee?”

“Hicho kiboksi. Kitoe. Nirudi kukohoa.”

Nilisema kile nilichokuwa nacho moyoni tangu siku ile. “Mzee, kule kwenye kona halikuwa shimo.”

“Najua halikuwa shimo.”

“Karibu tumuue yule.”

“Najua, mwanangu. Silali.” Alisema hivyo kwa sauti ndogo sana. “Lakini nikifika nyumbani nakuta anachambua maharage, hasemi. Anaweka chakula, hasemi. Miaka yote hiyo hajawahi kuninyima maneno. Nimeona njia vizuri wiki hii, naiona yote mpaka mbali, na sina wa kumwambia kitu.”

Fundi akasema, kama anayeongea na bisibisi, “Mtalii ndiye aliyefunga. Mtalii aende.”

Nilikwenda siku iliyofuata kwa bodaboda. Nilimkuta mama barazani na ungo mapajani, anachambua maharage kwa vidole, mawe anatupa kushoto. Alinitambua kwa hatua.

“Umekuja kunibembeleza?”

“Nimekuja kuomba msamaha, mama. Mimi ndiye niliyekifunga.”

“Na aliyekutuma?”

Nilitazama ungo.

“Mutama,” alijibu mwenyewe, kwa Kirundi kama wengi wa Katumba, neno lao la mzee, na alilitamka kwa hasira na mapenzi kwa pamoja. “Yeye anadhani sijui anakohoa kwa ajili gani? Mtu wa kifua anakohoa hata jua likiwaka. Huyu anakohoa kwa zamu.”

“Sasa kwa nini hukumwambia, mama?”

“Nimwambie sioni?” Vidole vyake havikusimama. “Nikisema sioni, nitaachwa hapa na kuku. Wanangu watasema mama apumzike. Kuna kitu kibaya kama kupumzika? Jirani yangu alipumzishwa, akamaliza mwaka mmoja akitazama ukuta. Nikasema, maadamu anakohoa, na mimi navuta, safari inakwenda. Nyie mkaja na kiboksi.”

Nilikuwa nimejiandaa njiani kumwambia kwamba kiboksi hakiwezi kitu bila yeye, kwamba lazima kuwe na mtu wa kukizungusha. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri. Nikayasema.

“Mzee si anaweza kukizungusha mwenyewe?” aliuliza.

Ningeweza kumdanganya. Niliangalia macho yake, yaliyokuwa yanatazama kidogo pembeni ya uso wangu. “Anaweza,” nikasema.

Akacheka, mara ya kwanza. “Haya. Afadhali wewe.” Akasogeza ungo. “Sasa niambie, hicho kiboksi kinajuaje kama kuna mvua?”

“Hakijui. Kinahesabu tu.”

“Kinahesabu hata mvua ikikatika?”

“Ndiyo, mama. Mpaka mtu akizime.”

“Na ikizidi?”

“Kinahesabu vilevile.”

“Kumbe kijinga kuliko mimi.” Alirudia kuchambua, maharage yakianguka kwenye ungo moja moja. Kisha akasema, “Kilete upande wangu. Si pale katikati. Pale mlangoni, nikae dirishani. Na wewe ukipanda, utakaa katikati, uwe unapisha gia na miguu yako mirefu.”

“Kwa nini dirishani?”

“Fanya kwanza.”

Mzee alinirudisha gereji na pikapu, nikakihamisha jioni ileile, fundi akinimulikia. Nikatoboa tundu chini ya dashibodi upande wa kushoto, nikapitisha nyaya nyuma ya redio, nikakifunga kifundo mahali ambapo mkono wa mtu aliyekaa unaangukia wenyewe. Siku ya soko mama alipanda, akakipapasa, akakizungusha huku na huku kavukavu, akasema kinatosha.

Tulirudi Katumba watu watatu, mimi katikati na magoti shingoni. Mama alishusha kioo cha mlango wake mpaka chini na kutoa mkono wa kushoto nje, kiganja juu. Upepo uliingia wote ndani, ukapeperusha risiti za mzee.

“Mama, baridi hiyo,” mzee alisema. Alisema naye moja kwa moja, bila kupitia kwangu.

“Endesha.”

Manyunyu ya kule yanaanza bila sauti. Mimi niliyekuwa na macho mawili mazima nilikuwa sijaona kitu kwenye kioo aliposema, “Hiyo,” na mkono wake wa kulia ukazungusha. Waipa zikafuta, zikapumzika muda mrefu. Dakika chache baadaye akazungusha kidogo, zikapumzika muda mfupi zaidi, na ndipo nilipoona vitone vimeongezeka kweli. Mvua ilipopungua alijua kwenye ngozi kabla ya sisi kujua kwa macho. Mkono wa kushoto wa gauni lake ulikuwa umelowa mpaka begani. Nilimwambia atachoka kuuweka nje namna hiyo, akaniambia ninyamaze, ananichanganyia hesabu.

Mzee aliendesha polepole kuliko kawaida yake. Mbele yetu njia ilijaa, akakanyaga breki taratibu, akasimama kabisa. Mama aligeuka.

“Nini?”

Mzee alifungua mdomo, na nilijua lile neno liko pale, limezoea. Akalimeza.

“Ng'ombe,” alisema. “Wanavuka. Wengi.”

“Wa nani?”

“Wasukuma. Weupe wengi, na mmoja mwekundu ana pembe moja.”

“Pembe nyingine iko wapi?”

“Nitajuaje, mama? Labda alipigana.”

“Mchunga ni mkubwa au mdogo?”

“Mtu mzima. Kajifunika mfuko wa mbolea kichwani. Anatupungia.”

Mama aliinua ule mkono uliokuwa nje, umelowa, akampungia mtu ambaye hakumwona. Kisha akaurudisha kiganja juu. “Na ndama wapo?”

“Wapo. Wa kwanza huyo anaogopa gari letu. Anamtafuta mama yake. Haya, amempata.”

Ng'ombe wa mwisho alipita. Mzee aliweka gia, akaondoka, akaendelea kusema: hapa wamejenga bati jipya, hapa mahindi ya watu yamelala kwa maji, hapa kuna mwanamke kabeba mwavuli mwekundu na haumfuniki. Mama aliuliza mwavuli una mashimo au mwanamke ni mnene. Mzee akaanza kucheka, akakosa kujibu, na mama akakizungusha kifundo kidogo upande wa kulia, kwa sababu mvua ilikuwa inaongezeka.